Niliondoka kwenye ndoa na cherehani moja, mabaki ya vitambaa yakanipa kazi

Nilirudi kwa wazazi wangu Kisauni nikiwa na watoto wawili, mabegi matatu na cherehani ya kukanyaga. Cherehani yenyewe nusura ibaki. Upande wa pili ulidai ni kitu cha nyumba, mimi nikasema niliinunua kwa mahari yangu. Mzee aliyekuwa akitusuluhisha aliuliza swali moja tu: "Mahari ni ya nani?" Watu wakanyamaza, maana kila Muislamu anajua kwamba mahari ni mali ya mwanamke. Nikaipandisha kwenye tuktuk.

Naandika haya kwa sababu wanawake walioachika huniuliza swali lile lile: nianzie wapi, na mtaji niutoe wapi? Nitaeleza nilivyofanya mimi, pamoja na kosa lililonigharimu miezi minne.

Malighafi iliyokuwa ikitupwa

Eda ilipomalizika nilianza kushona madera kwa oda. Kununua kitambaa kipya kulinimaliza: mteja analipa nusu, nusu nyingine nakopa dukani. Siku moja nilikwenda kwa fundi jirani kuazima sindano, nikamkuta mwanafunzi wake akitia vipande vya vitambaa kwenye gunia vikachomwe. Nikaliomba gunia lile. Ndani mlikuwa na vipande vya kitenge, pamba na leso vilivyobaki baada ya kukata magauni.

Baadaye nikaanza kwenda soko la Kongowea jioni, wakati wauza mitumba wanapofunga na nguo zenye doa au zipu mbovu zinauzwa kwa bei ya kutupa. Shati lenye doa kifuani bado lina mgongo mzima na mikono miwili. Jinzi iliyopasuka magotini inatoa mkoba mmoja.

Siku hizi kazi hii inaitwa mitindo rafiki kwa mazingira, lakini kwetu Pwani si jambo geni. Leso iliyochakaa ilikuwa winda la mtoto, kisha ikawa kitambaa cha kudekia. Kilichobadilika ni wingi wa nguo na aina yake. Nguo isiyopata mnunuzi huishia kuchomwa au kutupwa jaani, na ile ya poliesta, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli, haiozi kama pamba.

Jua kitambaa kabla ya kukikata

Vuta nyuzi chache, ziweke juu ya sahani ya bati, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha tone gumu jeusi. Pamba naitumia kwa nguo za watoto kwa sababu hunyonya jasho katika joto letu hili. Poliesta naipeleka kwenye mikoba.

Kila kitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa, kwani pamba hunywea ikipata maji. Leso yenye rangi kali ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Mimi nilipuuza hilo mara moja; nyekundu ya leso ikaingia kwenye bitana nyeupe, na mteja nikamrudishia pesa zake.

Hesabu iliyonifumbua macho

Mkoba wangu wa kwanza niliuza shilingi 250, nikafurahi. Miezi minne baadaye nilikuwa nauza kila wiki, na bado namwomba mama pesa ya maziwa. Ndipo mdogo wangu akanikalisha chini na daftari. Kwa mkoba mmoja: kitambaa 40, bitana 50, zipu 30, uzi na sindano 10, nauli 20. Jumla 150. Zinabaki 100.

"Ulikuchukua saa ngapi?" akaniuliza. Saa tatu, ukihesabu kufua na kufumua. Yaani nilikuwa najilipa shilingi 33 kwa saa. Akaniambia, "Dada, hukuuza mkoba. Uligawa sadaka."

Maneno yale yaliniuma, maana ndivyo nilivyoishi miaka tisa ya ndoa. Nilipika, nikalea, nikashonea wateja, pesa ikaingia kwenye matumizi ya nyumba na hakuna aliyeihesabu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango, ingawa Muislamu anaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Nilikuwa nikimlaumu mtalaka wangu kwa kutoihesabu kazi yangu, kumbe hata mimi siihesabu.

Nikabadilisha mambo mawili. Kwanza nikapunguza muda: nafumua siku moja, nakata mikoba kumi kwa pamoja, kisha nashona. Saa tatu zikawa mbili. Pili, nikajilipa shilingi 100 kwa saa na kuongeza 50 za matengenezo ya cherehani. 150, 200 na 50 ni 400. Wateja wengine waliguna wakaondoka. Waliobaki ndio wanaonilisha.

Mambo mengine ya kuzingatia

Pesa ya biashara iwe na laini yake ya M-Pesa, isichanganyike na ya mboga. Usianze na mkopo kabla hujajua mkoba mmoja unakugharimu kiasi gani. Chama cha mtaani kinatosha kukusukuma. Ukipata kibanda, ulizia kibali cha biashara cha kaunti mapema, kabla askari hawajakuulizia wao.

Na usikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa sasa una biashara, watoto ni mzigo wako peke yako. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la.

Cherehani ile bado ninayo. Ukanda wake umekatika mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili sikumwomba mtu. Nilitoa kwenye zile hamsini.