Zamu ya kibuyu chirizi

Mtoto anayeanza darasa la awali Januari katika kata ya Nyakahanga, wilayani Karagwe, hukutana na mengi kwa mpigo: kengele, mstari, ukaguzi wa kucha, viranja, mwalimu wa zamu. Ana miaka mitano hivi, na wengi wa rika lake wamelelewa kwa Kinyambo. Kanuni za shule anazisikia kwa Kiswahili. Akichelewa kupanga mstari, tusikimbilie kumwita mkaidi. Huenda hajaelewa alichoambiwa.

Kwa umri huo, vitendo hufundisha kuliko maneno. Mfano mzuri ni kibuyu chirizi kilichopo nje ya vyoo: kidumu kilichotobolewa na kuning'inizwa, kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyagia, kipande cha sabuni pembeni. Mtoto akikanyaga kijiti, kidumu kinainama na maji yanachirizika. Sasa mpe mtoto wa darasa la kwanza zamu ya kukijaza. Siku akisahau, wenzake watakanyaga wee, wasipate hata tone, kisha watamtafuta mwenye zamu. Kesho yake atawahi.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shule ziwe na mashamba, na wanafunzi washirikishwe katika kupanga na kuamua. Inasikitisha kwamba katika shule nyingi jembe lilibaki, ushirikishwaji ukasahaulika. Kulima, kufyeka na kuchota maji vikageuka adhabu. Katika nchi ya migomba na kahawa kama Karagwe na Kyerwa, mtoto anayelimishwa kwa sababu ya kosa atalipendaje jembe linalomlisha?

Halafu kuna fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na viandikwe kitabuni. Lakini Agosti 2018, mkoani humuhumu Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za wizi wa mkoba. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu huyo kunyongwa.

Jirani zetu wa Uganda walijaribu njia nyingine. Wilayani Luwero, utafiti ulihusisha shule za msingi 42. Nusu yake zilipewa mpango wa shirika la Raising Voices, ambamo walimu na wanafunzi huunda kamati na kujadili pamoja kanuni za shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: katika shule hizo, hatari ya mwanafunzi kupigwa na walimu ilipungua kwa asilimia 42. Na masomo? Alama za mitihani hazikushuka.

Kwa hiyo katika kikao kijacho cha wazazi, kabla ya hesabu za michango ya mahindi na maharage, mzazi wa Nyakahanga ana mawili ya kuuliza: kanuni za darasa la mwanawe alizitunga nani, na kitabu cha adhabu kimeandikwa nini muhula huu.