Uso Safi Huokoa Macho

Mtoto mwenye tongotongo machoni, kamasi puani na inzi usoni si jambo geni katika vijiji vyetu vya Dodoma, hasa wakati wa kiangazi. Wengi husema, "Ndivyo watoto walivyo." Lakini uso wa namna hiyo unaweza kuwa mwanzo wa upofu.

Ugonjwa wenyewe ni trakoma, au vikope. Huletwa na bakteria aitwaye klamidia, ambaye hutoka jicho moja hadi jingine kwa vidole, kwa inzi, na kwa upindo wa khanga unaofuta nyuso za watoto wote. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara kwa miaka mingi, kope hupata makovu kwa ndani na kujikunja. Nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa, na hatimaye ukubwani haoni tena. Akina mama huumia kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto.

Je, dawa peke yake inatosha? Utafiti uliofanywa katika vijiji 6 vya Kongwa, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995, unatupa jibu. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho ya kupaka, lakini vijiji 3 viliongezewa mafundisho ya kuosha nyuso. Watoto ambao nyuso zao ziliendelea kuwa safi walipata trakoma kali kwa uchache kuliko wenzao.

Mtasema maji yako mbali. Ni kweli, lakini uso wa mtoto hauhitaji ndoo. Kata moja ikimiminwa kidogo kidogo huosha watoto kadhaa, hata bila sabuni. Basi tufanye hivi:

1. Tuoshe nyuso za watoto kila asubuhi, na kila tuonapo tongotongo au kamasi.
2. Kila mtu awe na kitambaa chake.
3. Tuchimbe choo na kukitumia, maana inzi wa macho huzaliana katika kinyesi kilichoachwa wazi.
4. Dawa ya trakoma ikigawiwa kijijini, nyumba nzima iitumie.
5. Bibi anayeng'oa nywele za kope kwa kibanio apelekwe hospitali. Upasuaji mdogo hunyoosha kope.

Jicho lililokwisha kupofuka kwa trakoma ni vigumu kulirudishia nuru. Kulikinga ni kazi ya kata moja ya maji.