Mji wa Kerkouane

Hapo kale palikuwa na mji mkubwa ulioitwa Karthago, katika pwani ya nchi iitwayo sasa Tunisia, kaskazini mwa Afrika. Watu wake, Wapuni, walikuwa mabaharia na wafanya biashara hodari. Mwaka 146 kabla ya kuzaliwa Kristo Warumi waliuteketeza mji huo, na baadaye wakajenga mji wao juu ya magofu yake. Vitabu vya Wapuni vilipotea karibu vyote, na habari zao nyingi zikaandikwa na adui zao. Basi, ni nani awezaye kueleza jinsi Wapuni walivyoishi majumbani mwao?

Jibu lilitoka ardhini, mahali paitwapo Kerkouane, katika Rasi Bon ya Tunisia. Hapo palikuwa na mji mdogo wa Wapuni. Wenyeji waliuacha katikati ya karne ya tatu kabla ya Kristo, wakati wa vita vya kwanza vya Karthago na Roma, wala Warumi hawakujenga juu yake. Mchanga uliufunika hata ulipogunduliwa mwaka 1952.

Kazi ya kuchimbua mji wa kale haitaki pupa. Udongo huondolewa kidogo kidogo kwa mwiko na brashi, tabaka moja baada ya jingine. Tabaka la chini, ikiwa halikuvurugwa, ni la zamani kuliko la juu. Kila kigae huandikiwa mahali kilipoonekana. Kikiondolewa pasipo kuandikiwa, hakuna ajuaye tena kama kilikuwa cha nyumba gani, wala cha siku zipi.

Huko Kerkouane zilionekana njia, kuta na misingi ya nyumba. Nyumba nyingi zilikuwa na ua, na birika dogo la kuogea lililopigwa lipu ngumu lisivuje. Katika sakafu moja, vipande vya marumaru nyeupe vilipangwa kuwa alama ya Tanit, mungu mke wa Wapuni. Makombe ya konokono wa baharini yaonyesha kwamba watu walitengeneza rangi ya zambarau, iliyothaminiwa sana na wakuu wa zamani zile.

Warumi waliandika habari za vita. Udongo ulitunza habari za nyumbani. Kwa hiyo mtu akiokota kigae katika magofu kama haya akaenda nacho kwake, amerarua ukurasa wa kitabu kisicho na nakala.