Mipango ya Kaunti Kenya na Mfuko wa Mfanyakazi



Nyongeza ambayo chama kimekupatia mezani kwa mwajiri yaweza kumalizika kwa nauli, maji ya mtungi na dawa za kununua. Mambo hayo hayamo katika mkataba wa kazi. Huamuliwa na wale wanaopanga barabara ipite wapi, kiwanda kijengwe wapi na zahanati iwekwe wapi. Tuwatazame jirani zetu wa Kenya.

Katiba yao ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, nazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Serikali kuu ilibaki na reli na barabara kuu. Kaunti zilipewa barabara ndogo, usafiri wa abiria na maegesho, masoko, maji, zahanati na upangaji wa ardhi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inakataza kutenga fedha za umma nje ya mpango. Kila kaunti hutakiwa kuwa na mpango wa maendeleo wa miaka 5, na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10. Kwa hiyo zahanati isiyoandikwa katika mpango haina fungu, hata gavana akiiahidi mkutanoni na watu wakapiga makofi.

Mfano mzuri ni Mukuru, jijini Nairobi, kando ya Eneo la Viwanda. Wafanyakazi wengi huishi hapo kwa sababu moja kubwa: wanaweza kwenda kazini kwa miguu. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo watu binafsi walikuwa wamegawiwa zamani ili wajenge viwanda vidogo. Viwanda havikujengwa, vikaota vibanda vya mabati. Mkazi wa Mukuru alinunua maji kwa bei ya juu kuliko tajiri mwenye bomba nyumbani.

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Kaya zaidi ya 100,000 zilihusika. Kaya kumi kumi ziliunda kikundi, vikundi vikaungana, na wajumbe wao wakakaa na wataalamu kuchora ramani. Hapo ndipo palitokea jambo la kujifunza. Kanuni za kawaida zilitaka barabara pana, na upana huo ungebomoa nyumba nyingi mno. Wakazi wakatetea barabara nyembamba zaidi, ili njia ipatikane na watu wabaki. Mtaalamu peke yake ofisini angefuata kitabu. Kuanzia mwaka 2020 barabara za lami na hospitali zilianza kujengwa humo, chini ya idara maalum ambayo ilikuwa imekabidhiwa baadhi ya kazi za kaunti.

Hata hivyo tusidanganyane. Mwaka 2021 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na baada ya mafuriko ya mwaka 2024 serikali ilibomoa tena zilizokuwa kando ya mto. Ramani iliyokubaliwa na wakazi haikuwa ngao ya kutosha.

Wenzetu wa mashamba wasiseme haya ni ya mjini. Katika mashamba ya chai, nyumba na zahanati mara nyingi ni mali ya kampuni. Siku kazi ikiisha, vyote viwili huondoka pamoja. Zahanati ya umma nje ya lango la shamba ni jambo la mfanyakazi kabisa.

Vyama vya Kenya vina mlango ambao wanachama wengi hawaujui. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 inaagiza kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, mwenyekiti akiwa gavana. Miongoni mwa wanaopaswa kupendekeza wajumbe ni mashirika yanayoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Tawi lisilopeleka jina huwaachia wengine, wakiwamo wafanyabiashara, ambao nao wametajwa katika sheria hiyohiyo.

Tarehe nazo zina uzito. Mpango wa mwaka unaofuata hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza Julai. Anayekwenda kudai barabara mwezi Juni hukuta fedha zimekwisha kugawanywa.