Je, Wajua? Gesi iliyo ndani ya kiyoyozi chako

Ukitaka kununua kiyoyozi cha nyumba ya kontena, soma kwanza kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ya nje. Hapo huandikwa aina ya gesi. Kilo 1 ya R-410A ikivuja hupasha dunia joto kuliko kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Kwa R-32 ni kama kilo 675. R-290, yaani propani, haifiki hata kilo 5, ila inashika moto, kwa hiyo isiguswe na fundi wa kubahatisha.

Ni mjini Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, mataifa yalipokubaliana kupunguza gesi za jamii ya HFC, zikiwemo hizo mbili za kwanza. Na leo katika mji huohuo, wilayani Kicukiro, kwenye kampasi ya Rubirizi ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kipo kituo cha ACES kinachofundisha mafundi wa mitambo ya ubaridi. Hili ni jambo la kujivunia kwa Afrika Mashariki nzima.

Kicukiro kwenyewe, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku huwa na ubaridi. Ezeka paa la pili juu ya kontena, acha nafasi upepo upite kati, toboa madirisha pande mbili zinazotazamana. Mara nyingi hutahitaji kiyoyozi kabisa. Vipoza hewa vya maji navyo vinafaa penye ukavu, kama Lodwar. Mombasa au Dar es Salaam vitakuongezea unyevu tu.