Unapanga nyumba Goma? Kwanza angalia bonde, kisha maji

Wewe unayerudi Goma, na wewe unayevuka mpaka kila asubuhi kutoka Gisenyi na bidhaa, nyumba ya bei nafuu usiikimbilie. Nimezunguka mitaa ya magharibi, njia ya Sake, nikawasikia wapangaji wakiuliza kodi tu. Kumbe mabondeni huko kuna mazuku, yaani hewa ya ukaa inayotoka kwenye nyufa za ardhi. Haionekani wala hainuki. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hulala chini, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Huua mbuzi, huua mbwa, na mtoto anayelala sakafuni yuko kimo kile kile. Nyumba iliyo shimoni mimi siipangi, hata ikiwa ya bure.

Hatari ya pili ni maji. Nyiragongo ulipolipuka Januari 17, 2002, uliacha mawe meusi katikati ya mji. Kuchimba choo juu yake ni kazi ya nyundo, na uchafu hupenya kwenye nyufa. Wengi huteka maji Ziwa Kivu, palepale wanapofulia. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi hapa.

Ukiwakuta ufukweni watu wanaotia klorini kwenye madumu, kubali, kisha subiri nusu saa ndipo unywe. Pasipo klorini, chemsha, ingawa makaa ni ghali. Na anayeharisha kama maji ya mchele mpelekeni kituo cha afya saa ile ile. Msingoje soko lifungwe.