Maji ya Mashine na Miguu ya Mgonjwa

Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa kawaida huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa hapo kwa muda wa saa 4. Maji yaliyochujwa kwa kiwango cha juu kuliko ya kunywa hupita kwenye mashine kwa mwendo wa karibu nusu lita kwa dakika, hivyo kila huduma humaliza lita 120. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 18,000 kwa mgonjwa mmoja, bila kuhesabu maji ambayo mtambo wa kuchuja huyakataa mapema, umeme, wala mirija ya plastiki inayotupwa. Wakati maji hayo yanamwagika, mgonjwa amelala na misuli yake inazidi kusinyaa. Kwa maoni yangu, nguvu za mgonjwa na rasilimali za kitengo ni suala moja: anayeacha mgonjwa adhoofike anajiandalia pia matumizi makubwa zaidi ya maji, dawa na vitanda.

Ushahidi upo. Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwafanyisha wagonjwa mazoezi wakiwa kwenye mashine kwa mwaka mzima. Mwanzoni waliweza kuinuka kitini na kukaa tena mara 16 hivi kwa dakika moja. Mwishoni wakafika 19, ilhali wenzao wasiofanya mazoezi walishuka chini ya 15. Waliofanya mazoezi walilazwa hospitalini siku chache kuliko wenzao, na kila siku ya kulazwa ina gharama yake ya maji, umeme na taka. Lililo kubwa zaidi ni upandikizaji wa figo, ambao Tanzania iliuanza katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2017. Ndio unaomtoa mgonjwa kwenye mashine, lakini mwili uliodhoofika sana huweza kumfanya asifae kwa upasuaji.

Wapo watakaokumbusha, na ni haki yao, kwamba utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 uliwapa wagonjwa baiskeli za kukanyaga wakiwa kwenye mashine kwa miezi 6 bila kuona nafuu ya maana katika maisha yao. Matokeo hayo yasifichwe. Lakini wengi walishindwa kufuata ratiba, na kukanyaga baiskeli si mazoezi pekee yaliyopo. Nchini Italia, wagonjwa waliopangiwa kutembea tu nyumbani, kwa mwendo uliopimwa, waliongeza umbali wanaotembea kwa dakika 6 kutoka mita 328 hadi 367. Hilo ndilo linalotufaa zaidi: halihitaji kifaa cha kuagiza nje wala umeme. Hofu ya hatari nayo ina jibu. Daktari akague moyo na shinikizo la damu kwanza, na wanaofanyia mazoezi kwenye mashine wafanye katika nusu ya kwanza ya huduma, kabla shinikizo halijaanza kushuka, mkono wenye sindano ukiwa umetulia. Mgonjwa asiyeweza asilaumiwe. Wapo wanaofika kituoni wakiwa wamechoka kwa safari na mawazo ya nauli.

Kuhusu maji, Dar es Salaam ilionja mgao mkali mwishoni mwa mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua. Katika mji wa namna hiyo, kumwaga maji yaliyokataliwa na mtambo ni kosa. Maji hayo hayajamgusa mgonjwa yeyote; ni maji ya bomba yaliyoongezeka chumvi, tofauti kabisa na yale yaliyopita kwenye mashine, ambayo ni majitaka. Huko Geelong, Australia, daktari wa figo John Agar na wenzake walionyesha kwamba maji yaliyokataliwa yanaweza kukusanywa na kutumika tena hospitalini. Yanafaa kwa vyoo, kudeki na kufulia. Bustanini yapimwe chumvi kwanza, na yasigeuzwe maji ya kunywa.

Wakuu wa hospitali, kabla ya kununua mashine nyingine, wekeni bomba moja kutoka kwenye mtambo hadi kwenye tangi la vyoo, na mpangieni mtaalamu wa mazoezi ya viungo zamu katika kitengo cha figo. Nawe mwenye ndugu kwenye mashine, muulize daktari wake leo: anaruhusiwa kutembea kiasi gani?